Asilimia Themanini ya Nani?

Mimi ni mfasiri, na nazungumzia punguzo tunalokatwa sentensi mpya ikifanana na iliyokwisha fasiriwa. Sentensi yenyewe ilikuwa na maneno matano: "Your old phone is lost." Ilikwisha fasiriwa zamani, imo kwenye kumbukumbu ya programu ninayofasiria: "Simu yako ya zamani imepotea." Chini yake ikaja ndugu yake, "Your old certificate is lost." Programu ikapima, ikaona neno moja kati ya matano limebadilika, ikaandika pembeni 80%. Kwa jedwali la kampuni iliyonipa kazi hiyo, mfanano wa 80% hulipwa asilimia 70 ya bei, kwa hoja kwamba kazi kubwa imeshafanyika na mimi ni kugusa tu.

Nikagusa. "Cheti chako cha zamani kimepotea." Hesabu mwenyewe: simu imekuwa cheti, yako imekuwa chako, ya imekuwa cha, imepotea imekuwa kimepotea. Lililosalimika ni zamani peke yake. Kule kwenye Kiingereza limebadilika neno moja kati ya matano, huku kwenye Kiswahili yamebadilika manne. Ukiipima sentensi yangu kwa mizani ileile unapata 20%, na kwa mfanano wa 20% hata wakala bahili kuliko wote niliofanya nao kazi hulipa bei kamili.

Sina ugomvi na punguzo lenyewe, na nitaeleza kwa nini. Ugomvi wangu ni na mahali mizani ilipowekwa. Asilimia inasomwa kwenye lugha ambayo siiandiki, halafu inakatwa kwenye malipo ya lugha ninayoiandika.

Kwa asiyeijua kazi hii: kumbukumbu ya tafsiri ni kama daftari la jozi. Kila sentensi unayoifasiri huhifadhiwa pamoja na tafsiri yake, na ikija nyingine inayofanana nayo, programu inakuletea ile ya zamani pamoja na asilimia ya mfanano. Wazo hili lilianza kuzungumzwa huko Ulaya mwishoni mwa miaka ya 1970, kwenye ofisi ambazo nyaraka zilikuwa zikifasiriwa leo na kesho zinarudi zimebadilishwa aya mbili. Trados, ambayo jina lake wengi hulitumia kama jina la kazi nzima, ilianzishwa Stuttgart, Ujerumani, mwaka 1984, ikaja kuuzwa sana miaka ya 1990. Leo ziko nyingi: memoQ ya Hungary, Wordfast, Phrase, na OmegaT ambayo ni ya bure na ndiyo niliyojifunzia. Namna ya kupima mfanano inakumbusha kazi ya Vladimir Levenshtein, mwanahisabati wa Urusi ya Kisovieti, aliyeeleza mwaka 1965 jinsi ya kuhesabu umbali kati ya maandishi mawili: ni vingapi vya kufuta, kuongeza au kubadilisha hadi hili liwe lile. Kila programu ina kanuni yake, na ndiyo maana faili moja ukiipitisha kwenye programu mbili hupati hesabu moja.

Mteja wa hapa nyumbani hana habari na mambo haya. Anayekuja na cheti cha kuzaliwa au mkataba wa pango hulipa kwa ukurasa. Mnabishana bei mlangoni, yanakwisha. Jedwali la punguzo linatujia na kazi za nje. Wakala yuko Ulaya, India au Marekani, mwenye mali ni kampuni ya simu, ya dawa au ya programu, na wewe uko Sinza, Dar es Salaam, jenereta ya jirani inanguruma dirishani. Unapokea faili, unapokea jedwali, na unapokea jumla iliyokwisha kupigwa. Swali ni moja tu: unakubali au hukubali?

Tuifungue hiyo jumla. Chukua faili ya maneno 10,000, mwongozo wa kutumia programu ya mishahara, kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili. Tuseme bei ni senti 8 za dola kwa neno. Uchambuzi umekuja hivi: marudio (sentensi zinazojirudia ndani ya faili) pamoja na mfanano kamili (wa 100%), maneno 4,000, mfanano wa 95 hadi 99, maneno 1,000, wa 85 hadi 94, maneno 800, wa 75 hadi 84, maneno 700, mapya, 3,500. Jedwali lao linalipa asilimia 10, 25, 50, 70 na 100 kwa mfuatano huo. Zidisha kila kundi na asilimia yake, unapata 400, 250, 400, 490 na 3,500. Jumla ni 5,040. Mimi huyaita maneno ya mizani, yaani yale yanayobaki baada ya kila kundi kukatwa. Kwa senti 8 ni dola 403.20, na bila punguzo zingekuwa dola 800. Karibu nusu ya pesa imekwenda kabla sijaifungua faili.

Kijana mmoja wa Mombasa ninayepeana naye kazi aliniambia, "Kaka, mimi nakubali tu. Nisipokubali, atachukua mwingine." Wapo wengine, hasa wakongwe wetu, ambao wakiona neno punguzo tu wanafunga kompyuta: neno ni neno, nimelisoma, nilipwe. Nawaheshimu, lakini kwa hesabu hawa nao hawako sawa. Mwaka 2020, vipeperushi vya corona vilipokuwa vinamiminika, sentensi ya kunawa mikono kwa sabuni na maji tiririka nimekutana nayo mara nyingi kiasi kwamba ningeiandika usingizini. Kudai bei kamili kwa kila mara ilipotokea kungekuwa kumlipisha mtu kwa kubonyeza kitufe. Fundi cherehani mwenye vipimo vyako hakupimi tena. Tatizo linaanza pale mteja aliyenenepa anaposema, "Vipimo vyangu si unavyo?" na kutaka kanzu kwa nusu bei.

Basi nilijipima. Kwa miezi mitatu niliweka saa ya simu mezani, na kila kundi nikaliandikia muda wake. Sikuwa na lengo la kuthibitisha chochote. Nilitaka kujua kama nina sababu ya kulalamika. Maneno mapya, kwa maandishi ya aina ile, nafasiri 300 kwa saa nikiyasoma tena mara moja. Mfanano wa 75 hadi 84: 300 vilevile, na siku nyingine pungufu, maana unasoma Kiingereza kipya, unasoma Kiingereza cha zamani, unasoma Kiswahili cha mtu mwingine, unatafuta tofauti, kisha mara nyingi unafuta yote unaandika upya. Wa 85 hadi 94: 400. Wa 95 hadi 99, ambako mara nyingi ni namba au alama iliyobadilika: 800. Mfanano kamili na marudio, kwa kusoma na kuhakikisha upatanisho: 1,600.

Tia kasi hizo kwenye faili yetu. Maneno 3,500 mapya pamoja na 700 ya kundi la chini ni saa 14. Yale 800 ni saa mbili, yale 1,000 ni saa moja na robo, na yale 4,000 ni saa mbili na nusu. Jumla ni saa 19 na dakika 45. Saa yangu ya kufasiri maneno mapya ina thamani ya dola 24, yaani maneno 300 kwa senti 8. Zidisha kwa saa hizo, unapata dola 474.

Kumbe dola 800 za wakongwe hazikuwa haki yangu, wala dola 403 za kampuni hazikuwa. Punguzo la haki lilikuwa kama asilimia 41, wao wakakata karibu 50. Ukizigawanya dola zao kwa saa zangu, saa imeshuka kutoka dola 24 hadi 20 na senti 42. Bei ya neno kwenye karatasi ni ileile senti 8, hakuna aliyeigusa, na wala hukuombwa kuishusha. Ndiyo maana punguzo hili ni gumu kulibishia: bei yako haijashuka, kilichoshuka ni idadi ya maneno.

Kutokana na muda huo unaweza kutengeneza jedwali lako mwenyewe, na kanuni yake haizidi mstari mmoja: gawanya kasi yako ya maneno mapya kwa kasi yako ya kundi husika. Mimi 300 kwa 1,600 inanipa asilimia 18.75 kwa marudio na mfanano kamili. 300 kwa 800 ni asilimia 37.5, 300 kwa 400 ni 75, na kundi la 75 hadi 84 ni asilimia 100, yaani halina punguzo kabisa. Kasi zako zitatofautiana na zangu. Mtu wa mikataba ya sheria huenda asifike 1,600 hata kwa mfanano kamili, na mtu wa orodha za vipuri akazidi mara mbili. Lakini ukishazipima una hoja ya kuweka mezani. Kabla ya hapo una manung'uniko tu.

Kundi la 75 hadi 84 linanichelewesha hivyo kwa sababu ya ngeli. Majedwali haya yalizoeleka kwenye soko la lugha za Ulaya, na sina shaka huko nako yana malalamiko yake. Mjerumani ana jinsia za nomino zinazomsumbua. Lakini nomino ya Kiswahili ikibadilika inaburuta vivumishi, viwakilishi na vitenzi, wakati mwingine hadi sentensi inayofuata. Halafu Kiingereza kina maneno mafupi yasiyosema yanamhusu nani. "It has been deleted" ni imefutwa, kimefutwa, umefutwa, limefutwa au yamefutwa, kutegemea kilichofutwa ni picha, kitabu, ujumbe, jina au maoni. Programu ikikuta sentensi hiyo mara ya pili inasema 100%, na haidanganyi, maana Kiingereza ni kilekile herufi kwa herufi.

Iko kazi moja iliyonifundisha hili kwa fimbo. Yalikuwa maneno ya kwenye skrini ya programu ya mishahara: vitufe, menyu, vichwa vya jedwali. Faili ilipangwa kwa alfabeti, bila picha ya skrini hata moja, kwa hiyo hujui neno lipi linakaa wapi. Neno "All" lilitokea mara 41 kama marudio, na kumbukumbu ikaleta "Yote", kwa kuwa aliyetangulia alikuwa akifasiri makato. Kwa asilimia 10 ya senti 8, marudio yote 41 yalikuwa na thamani ya senti 33, tena hazijatimia. Nikaandika kuuliza: haya yote ni yote ya nini? Msimamizi wa mradi, dada mmoja mwenye adabu sana, akajibu kuwa mfanano kamili umeshahakikiwa, niuache. Nikauacha.

Wiki tatu baadaye ikarudi ripoti ya ukaguzi. Kwenye skrini ilikuwa imeandikwa "Wafanyakazi: Yote", "Idara: Yote", "Vituo: Yote", na kila moja imehesabiwa kuwa kosa kubwa la sarufi kwa jina langu. Nikaombwa kusahihisha bila malipo. Nilipobadilisha ya kwanza kuwa "Wote", programu, kwa wema wake, ikabadilisha zote 41 kuwa "Wote", maana imewekwa kusambaza marudio yenyewe. Mshahara wa programu ya mishahara! Saa mbili zilikwenda kuzifungua moja moja na kuikataza programu isisambaze.

Tangu hapo kwa mfanano kamili natoa njia mbili, mteja achague. Ama vipande hivyo vifungwe, visihesabiwe, na jina langu lisitajwe kwenye ukaguzi wake. Ama nivisome, nilipwe kwa kusoma, na niwajibike. Njia ya tatu, ya kutolipwa kitu na kuwajibika kwa kila kitu, ndiyo iliyozoeleka, na inashangaza ni wangapi kati yetu tunaitia saini bila kuiona kwenye mkataba.

Kuhusu uchambuzi wenyewe, ombeni kumbukumbu kabla ya kukubali kazi, si baada ya kukubali. Imenitokea kukatwa bei kwa mfanano wa kumbukumbu ambayo sikutumiwa, eti iko kwenye mfumo wa mteja. Hapo unalipwa kwa neno lililokwisha fasiriwa, huku mwenyewe ukilifasiri kutoka mwanzo. Waulizeni pia kama wamewasha hesabu ya mfanano wa ndani, ile inayolinganisha faili na yenyewe, ikisema sentensi ya 200 inafanana na ya 12 ambayo bado hujaigusa. Ikiwashwa, maneno mapya yanayeyuka hata kama kumbukumbu ni tupu. Na kwa vikazi vidogo wekeni kiwango cha chini cha ankara. Maneno 60 yaliyojaa mfanano yanaweza kutoka na dola moja na nusu, ambayo haitoshi hata gharama ya kuipokea benki.

Ubora wa kumbukumbu ni mada ya siku nyingine, ila niseme hili. Kumbukumbu ya Kiswahili iliyopita kwenye mikono ya watu sita ina nywila na nenosiri, kompyuta na tarakilishi, barua pepe na imeili, kwenye faili moja. Wa Nairobi ameandika hivi, wa Dodoma vile, na aliye Ughaibuni tangu utoto ameandika anavyokumbuka. Msomaji akikutana na nywila ukurasa wa 3 na nenosiri ukurasa wa 4 hatajua kama ni kitu kimoja. Kusawazisha hayo ni kazi, na inaangukia kwa yule aliyelipwa asilimia 10.

Ukifasiri kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza, usikubali kuhesabiwa maneno ya Kiswahili kwa bei ya kawaida. "Hatukuwaambia" ni neno moja, na Kiingereza chake ni maneno matano. Dai hesabu ya upande wa Kiingereza, au bei ya neno ipande. Hili halihitaji uchambuzi zaidi.

Linalohitaji ni tafsiri ya mashine, kwa sababu inageuza meza nzima. Siku hizi baadhi ya mawakala hupitisha yale maneno 3,500 mapya kwenye mashine kwanza, halafu wanayaingiza kwenye jedwali kama mfanano wa 75 au 85. Kundi la maneno mapya linakuwa sifuri. Kwenye faili yetu, yale 3,500 yakilipwa asilimia 50, maneno ya mizani yanashuka kutoka 5,040 hadi 3,290, na kazi nzima ni dola 263.20. Lakini mfanano wa kumbukumbu una asili: kuna mtu aliyeiandika ile sentensi na mwingine aliyeipitia. Asilimia wanayoipa tafsiri ya mashine haijapimwa na kitu, imeandikwa tu. Na Kiswahili cha mashine kimekuwa laini siku hizi, kinateleza masikioni, kwa hiyo kosa lake hulioni kwa kupitisha macho. Lazima urudi kwenye Kiingereza sentensi kwa sentensi. Wengine wanapendekeza kulipa kwa umbali wa uhariri, yaani kuhesabu ulichobadilisha baada ya kazi. Inasikika kuwa haki mpaka unapotumia dakika kumi kuhakikisha kipimo cha dawa, unakuta mashine imepatia, unaacha kama kilivyo, na unalipwa sifuri. Kwa kazi hiyo mimi nakubali malipo ya saa tu. Nimepoteza wateja wawili kwa msimamo huo na sijajua bado kama nilipatia.

Lipo pia suala la mwenye kumbukumbu. Niliyoijenga mwenyewe, kwa usiku wangu na umeme wangu, ni chombo changu kama nyundo ya seremala. Mteja anayekuja moja kwa moja hana dai la punguzo juu yake. Ile ya wakala ni nyingine, ila tukumbuke inavyojengwa: namaliza kazi, naikabidhi pamoja na faili ya jozi zangu, na mwaka ujao jozi zilezile zinarudi zimevaa asilimia, zinanikata bei mimi niliyeziandika. Nikikabidhi kumbukumbu siku hizi, naiweka kwenye ankara kwa mstari wake. Wengi huufuta huo mstari. Angalau wanalazimika kuufuta.

Na ile faili ya maneno 10,000 ni ya kweli. Ilikuja Ijumaa jioni. Niliwaandikia bila maneno makali, nikaambatisha jedwali langu la kasi na mfano wa simu na cheti, neno kwa neno, wa rangi nyekundu na nyeusi ili hata asiyejua Kiswahili aone kilichobadilika. Jumatatu wakajibu. Kundi la 75 hadi 84 watalilipa kama maneno mapya, kwa lugha ya Kiswahili tu. Mengine yabaki yalivyo. Nikapiga hesabu: 5,040 ikawa 5,250, dola 403.20 ikawa 420. Dola 16 na senti 80 zaidi. Nikaandika "Nimekubali", nikaifungua faili.